Dirisha la Banda la Moshi

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mnara wa kanisa la Friedental, mji wa Wajerumani huko Texas, Mama Hedwig alipomtuma mkwewe, Marlene, kwenye banda la moshi la kukaushia nyama akalete soseji za chakula cha jioni.

"Lete zile nene," alisema. "Nyinyi watu wa Houston mnadonoa kama kuku mgonjwa."

Marlene alitabasamu kwa heshima tu. Tangu wamzike mumewe, Kurt, hakuwa amerudi kumtembelea mama mkwe, na sasa kila kitu mjini kilimchoma: harufu ya mkate mweusi, wazee wakitaniana kwa Kijerumani mlangoni mwa baa, watoto wenye nywele kama za Kurt.

Banda lilikuwa uani, la mawe, jeusi ndani kwa masizi. Alinyoosha mkono kwenye ndoano, akatungua soseji...

Akasikia kikohozi.

Kikavu. Kisha pumzi ndefu ya kuburuta. Kikohozi cha Kurt.

Soseji zikamtoka mkononi.

"Nifungulie," sauti ilinong'ona gizani. "Nimechoka, mpenzi... dirisha."

Hapo ndipo alipokiona kidirisha. Kilikuwa kimepigiliwa misumari na kuzungushiwa uzi mwekundu. Akaelewa. Friedental mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa ili roho iende zake. Hili lilikuwa limefungwa makusudi.

Alitamani kumwambia abaki. Angelala hapo hapo kwenye majivu, ili mradi amsikie akipumua. Lakini alimpenda. Akachukua nyundo ukutani, akang'oa msumari baada ya msumari, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Nenda, Kurt wangu. Nenda salama."

Dirisha likafunguka. Kitu baridi kikampitia shavuni, taratibu, kikaacha harufu ya tumbaku ya kiko.

Marlene akaganda.

Kurt hakuwahi kuvuta tumbaku.

"Umefanya nini?" Mama Hedwig alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekumbatia aproni.

"Nimemwachia mwanao aende, Mama. Uliwezaje kumfungia?"

Bibi akaketi chini, mavumbini, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Huyo alikuwa Ernst," alisema. "Mume wangu. Kurt alirithi kikohozi chake. Alianguka akafa hapo hapo ulipo, kabla Kurt hajakuoa. Hata kwaheri hukuniachia nimwambie."

Marlene akamkumbatia, wakalia pamoja.

"Na Kurt je, Mama?"

Mama Hedwig aliinua macho kwenye dirisha la chumba cha ghorofani, ambamo jeneza la mwanawe lililazwa usiku wa kuamkia mazishi. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na dirisha limezungushiwa uzi mwekundu.

"Yeye pia utamfungulia?" alinong'ona.

Marlene alipanda ngazi na nyundo mkononi. Nyuma ya mlango, mtu alikohoa.

"Marlene? Ni wewe?... Humu kuna giza. Nifungulie."

Akasimama. Kisha akainama, akailaza nyundo sakafuni polepole, Kurt asije akaisikia.

Hakurudi Houston. Jumapili watu huwaona kanisani wale wajane wawili, wameshikana mikono, na ibada ikiisha hawakai kula na wenzao. Joto la Agosti likija, mji mzima hufungua madirisha. Nyumba ile, hapana. Na jirani akipita uani jioni husikia sauti ya mwanamume ikiomba, kila mwaka dhaifu zaidi, na mwanamke akimjibu kwa upole:

"Kesho, mpenzi. Kesho."