Uso Ulioshinda Tuzo

Aksanti alilala kifudifudi juu ya ndagala zilizoanikwa ufukweni Rumonge, kisogo kimepasuka. Wanawake waliokuja kugeuza samaki asubuhi ndio waliomkuta. Hata wiki haikuwa imepita tangu filamu yake itunukiwe tuzo kubwa Bujumbura.

Inspekta Biasha alichuchumaa. Kando ya maiti palikuwa na kasia lenye damu. Kwenye mpini wake alama za vidole zilionekana kwa macho: nyekundu, za mawese mabichi, na nyuzi za chikichi zimenatia.

"Aliyeshika kasia hili si mvuvi," alimwambia mpiga picha wa polisi. "Anza na hizo."

Mchana alimfuata Mardochée Gitaza. Huyo ndiye aliyeshika kamera ya filamu ile, na mji mzima ulijua kwamba amegombana na Aksanti.

"Mligombania tuzo?"

"Hapana, afande. Uso."

"Uso wa nani?"

Mardochée alifungua kompyuta, akamwonyesha mahojiano kabla hayajakatwa. Mama mmoja, aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania, alisimulia vita: mume wake aliuawa mlangoni, kisha wauaji wakamwingilia yeye. Miezi tisa baadaye alijifungua. Lakini kabla ya kuanza alisema, "Uso wangu usionekane. Mutoto wangu hajui."

Sauti ya Aksanti ikajibu, "Nakuahidi, mama. Nitauziba."

Biasha aliujua uso ule. Siku mbili nyuma, filamu ilipoonyeshwa uwanjani, ulikuwa umejaa kwenye kitambaa cheupe mbele ya Rumonge nzima.

"Kwa nini hakuuziba?"

"Alisema majaji wanataka kuona machozi. Bila uso, hakuna tuzo. Nilimukataza, akanifukuza."

"Anakaa wapi huyu mama?"

"Hapa hapa Rumonge, kwa wakamua mawese. Anaitwa Jovita."

Jovita hakuwa amekimbia. Alikaa kwenye kigogo karibu na pipa la chikichi, mikono myekundu hadi viwikoni.

"Amahoro, mama," Biasha alisema. "Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Ziwani."

"Ulifuata nini?"

"Mutu aliyenidanganya."

Hakuzungusha maneno. Mwanawe Seth aliitazama filamu uwanjani pamoja na wenzake. Alirudi nyumbani, akauliza swali moja tu: "Mama, mimi ni wa nani?" Kulipokucha kijana alikwisha kushuka hadi Kabonga, akavuka mpaka wa Tanzania. Mezani aliacha kitambulisho chake, kwa sababu kilimwandika yule mume aliyeuawa kuwa baba yake.

"Nilimuambia Aksanti: twende tumutafute, umuambie kosa iko yako. Akacheka. Akasema, 'Mama, sasa watakujua mpaka Ulaya.' Akanigeuzia mugongo, akapiga simu. Kasia lilikuwa pale."

"Ulimpiga mara ngapi?"

"Moja ninakumbuka."

Akamtazama Biasha usoni. "Uwanjani watu walipiga makofi. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulipiga na wewe?"

Biasha alikumbuka jinsi alivyolia siku ile, na jinsi alivyojiona mwema kwa kulia.

"Nilipiga, mama."

Alianza kuandika maelezo. Jovita akamshika kifundo cha mkono, mawese yakamwachia rangi.

"Andika nimemuua, nitaweka kidole. Lakini Seth usimuandike. Kortini watasoma mbele ya watu."

Ingekuwa rahisi kuitikia. Lakini bila Seth maelezo yale hayakuwa na sababu, na bila sababu majaji wangemwona mama huyu muuaji mtupu, wamfunge hadi kufa kwake.

"Siwezi kukuahidi hilo, mama."

Jovita alimwachia mkono.

"Murakoze," alimshukuru. "Yule aliniahidi."