Damu Iliyotafutwa kwa Tamsin

Jumatano ile ilianza vizuri. Jua limetoka, soko la Wexborne limejaa. Kezia Thurlow alipanga siagi yake kama kawaida, ila moyo haukuwa kwenye siagi. Mwanawe Lettice, wa miaka mitatu, alikuwa wiki ya sita anakauka kama jani. Alimwacha nyumbani na wifi yake Orpha, mpole yule, aliyemlisha uji kila siku.

Marehemu bibi yangu aliuza jibini meza ya pili. Ndiye aliyemnong'oneza Kezia.

"Ni Tamsin, yule wa mayai. Si alimsifia mtoto siku ya ubatizo?"

"Alimsifia."

"Basi mtoe damu, mwanangu. Juu ya pua. Chini ya pua haifai."

Parokiani kwetu ilijulikana: mchawi akitoka damu juu ya pumzi yake, uchawi wake umekatika. Kasisi alikemea kila Jumapili. Watu waliitikia amina, wakarudi kwenye sindano zao za kuwachania wachawi.

Kezia alichomoa sindano ya magunia. Akamwendea Tamsin penye mayai yake, akamkamata kikongwe huyo nywele, akamchana paji la uso. Ngozi ikafunguka, mfupa ukaonekana mweupe. Damu haikutoka.

"Kisima kimekauka hicho," muuza samaki akacheka. "Chimba, Kezia."

Akachana tena. Na tena, mpaka jicho likapasuka. Mayai yakapondeka chini ya magoti yao. Hata tone la damu halikutoka.

Muuza samaki hakucheka tena.

Tamsin hakulia. Alisema taratibu, "Si mimi, binti yangu. Kimbia nyumbani."

Kezia akakimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Orpha ameketi, amempakata Lettice. Uso wa Orpha umechanika mara tatu. Jicho moja limepasuka. Damu inamtiririka kidevuni, inadondokea bakulini. Anakoroga. Analisha.

"Umechelewa, wifi," akanong'ona. "Kijiko hiki ndicho cha mwisho."

Lettice alikuwa ameuma kijiko. Hapumui.

Wanaume walikuja na marungu, wakakuta kiti cha Orpha kitupu, bado kina joto. Kijiko kilikataa kutoka menoni. Mtoto akazikwa nacho.

Asubuhi iliyofuata mazishi, mlango ukiwa umekomewa kwa ndani, Kezia alikuta mezani bakuli la uji unaofuka mvuke, mwekundu kidogo. Kando yake kimelazwa kile kijiko, kimeoshwa safi.