Farasi wa Rangi ya Ufizi

Adhuhuri ya Jumamosi duka la kuchapa lilikuwa limejaa pomoni, na mwenye duka aligawa karatasi kama anayegawa karata, bila kutazama nyuso. Ndivyo fundi wa meno ya bandia, mwanamke aliyekuja kuchapa tangazo la karakana yake, alivyojikuta ameshika kurasa zenye kichwa "Kanuni za Kupigana Juu ya Farasi".

Angeweza kuzirudisha. Ila alikuwa mtu wa kusoma chochote, hata kibandiko cha sumu ya panya, kwa hiyo alisoma. Kupanda na kushuka hula nusu ya mwendo wako. Aliye juu ya farasi humzidi aliye chini. Farasi akiuawa, ruka. Ukishindwa kuruka, utaanguka chali.

"Hizo zangu, dada," alisema mwanamume wa ovaroli ya buluu, funguo tele kiunoni na grisi hadi viwikoni. Mkononi alikuwa na tangazo la meno.

"Farasi wenyewe wako wapi?"

"Mezani."

Ikabidi aeleze. Yeye ni fundi wa lifti. Kila Jumapili mchana, binamu yake, ambaye ni kinyozi, hufunga duka lake na kuwakusanya watu wachache wacheze mchezo wa kusimulia. Kila mmoja ni mtu fulani katika dunia ya mapanga na mikuki, anasema anachotaka kufanya, kisha dadu yenye nyuso ishirini inaamua kama amefaulu. Binamu ndiye msimulizi. Kanuni za farasi hawakuwa nazo, ndipo yeye fundi lifti akaziandika mwenyewe. Alipoulizwa kama amewahi kupanda farasi, alikiri kwamba hajawahi hata kumgusa.

"Kuna kitu umesahau," alisema fundi meno. "Farasi akiogopa je?"

"Aogope nini?"

"Unamkimbiza kwenye mikuki ya watu, halafu unauliza aogope nini?"

Fundi lifti aliomba namba ya simu ili akipata jibu ampigie, na wote wawili walijua kwamba jibu halikuwa na haraka hiyo.

Jibu lilipatikana, likawa kanuni mpya: farasi aliyefunzwa hutembea katika zamu ya bwana wake; asiyefunzwa ana zamu yake na dadu yake, na huenda anakotaka. Fundi meno alifurahi akamchongea farasi mdogo kwa mabaki ya karakana, mwili wa waridi wa ufizi, mkia mweupe wa jino. Wakamwita Ufizi. Bila shaka hakuwa amefunzwa.

Mapenzi yakaingia kwa mlango huo. Kila jioni simu ililia, na Jumapili ilileta habari za mchezo.

"Kipenzi, Ufizi kanikatalia tena."

"Ulimwomba vizuri?"

"Nilimvuta hatamu."

"Basi usimlaumu."

Alimpenda yule mwanamume, na kwa sababu alimpenda aliogopa. Mchumba wake wa kwanza alimwacha akisema mwanamke huyu hasikii la mtu. Mama yake hakumtetea. Alimkumbusha tu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kwa hiyo siku mama aliposema, baada ya kuombwa mno, "Haya, mlete Jumapili nimwone," fundi meno hakutaka kutoa habari hiyo kwa simu. Alivaa gauni lake la manjano, akaenda kwenye jengo la ofisi ambako fundi lifti alikuwa kazini. Ghorofa ya nne mlango wa lifti ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kamba, na sauti yake ilipanda kutoka chini ya shimo. Alikuwa akizungumza na binamu yake kwa simu.

"Nimechoka naye, ndugu yangu. Mzuri, sikatai. Lakini hatii. Nikimwelekeza kushoto, yeye kulia. Jumapili namwacha. Nimeshapata mwingine, huyo anasikia."

Fundi meno alishuka kwa ngazi. Machozi yalimtoka alipofika barabarani, akayaacha yatoke. Siku zilizofuata simu iliita, hakuipokea. Ulikuja ujumbe: "Kipenzi, kulikoni?" Hakuujibu. Mama alipoambiwa kwamba mgeni haji, aliuliza kama binti yake amebishana tena. Alijibu kwamba safari hii hakupewa hata nafasi ya kubisha.

Jumapili alikwenda kwenye duka la kinyozi kumchukua farasi wake. Hakutaka mwanamke mwingine amshike. Ubao wa mchezo ulikuwa umewekwa kati ya viti vya kunyolea, na fundi lifti, aliyekuwa amevaa shati safi lakini hajanyoa ndevu, alisimama ghafla.

"Nimefuata Ufizi," alisema fundi meno. "Huyo mwingine umempata?"

"Nimempata," alijibu akishangaa. "Umejuaje?"

"Anasikia?"

"Sana. Ukisema kushoto, kushoto."

"Hongera. Yuko wapi nimwone?"

Fundi lifti aliokota mezani farasi wa plastiki, wa kahawia, mguu mmoja umevunjika. "Huyu hapa. Marehemu."

Lugha yetu haitofautishi: mpenzi ni yeye na farasi ni yeye. Fundi meno alimtazama farasi wa plastiki, akakumbuka lile shimo la lifti neno kwa neno, akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Aliposimulia alichosikia, binamu alicheka hadi akaegemea kioo. Fundi lifti hakucheka.

"Ulidhani ni wewe."

"Maneno yote yalinienea. Ningejuaje?"

"Binamu, mweleze tulivyokufa."

Binamu alieleza. Ukungu ulikuwa umetanda, fundi lifti akaamuru mbio moja kwa moja, na farasi wa plastiki akatii mpaka ndani ya korongo. Kuruka kulihitaji kumi na tano, dadu ikatoa mbili.

"Ufizi angekataa," alisema fundi lifti. "Ningemtukana, na ningekuwa hai. Usinyamaze tena. Ukinipinga nakuelewa, ila ukinyamaza sijui nishike wapi."

"Mama alitaka nikulete leo," alisema fundi meno. "Nimeshamwambia huji."

Fundi lifti alimtia Ufizi kwenye mfuko wa shati, akafungua mlango.

Mama alifungua wake kabla hawajabisha mara ya pili. Alimtazama mgeni na ndevu zake, akamtazama binti yake, akakunja mikono.

"Mimi sifichi, mwanangu. Huyu hasikii la mtu. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mama," alisema fundi lifti, mkono juu ya mfuko wa shati. "Nilishajaribu kwenda na anayesikia. Tuliangukia korongoni wote wawili. Nimerudi kwa huyu, kama atanikubali."

Mama alimgeukia binti yake apate maelezo. Binti alikuwa amemshika fundi lifti mkono, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na neno la kubisha.