Maji ya Hasira

Kazi ya kuoka mikate haimsubiri mtu. Kila alfajiri, nje kukiwa bado giza, Mama Chiriku alifunga kitambaa kichwani, akavaa koti lake jeupe na kushuka ngazi kimyakimya. Kiwandani alikanda unga, akakata madonge, akayapanga kwenye trei na kuyasukuma tanuruni. Alasiri alirudi nyumbani mabega yanamuuma, nyusi zimejaa unga. Njiani alimchukua binti yake shuleni. Mtoto huyo walimwita Chiriku kwa sababu aliongea tangu anafumbua macho mpaka anayafumba.

Baba Chiriku alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Alikaa nyumbani siku chache, kisha akapotea wiki mbili, wakati mwingine zaidi. Na alipenda mimea. Vyungu vyake vilijaa kwenye rafu chini ya dirisha la sebuleni. Kulikuwa na mmea wa kutambaa, mingine ya majani mapana kama sinia, mingine ya majani membamba kama manyoya, na mishubiri miwili minene. Akiwa nyumbani aliifuta vumbi jani kwa jani. Aliisemesha.

Safari hii, akiwa mlangoni na kiatu kimoja mguuni, alimwambia mkewe, "Usisahau mimea."

Basi. Hakusema aimwagilie mara ngapi, wala kiasi gani. Alivaa kiatu cha pili, akaenda zake.

Jioni ya kwanza alipiga simu.

"Haloo. Hamjambo huko?"

"Hatujambo kidogo," mkewe alisema. "Chiriku ameamka na homa, na kazini nime..."

"Pole yake. Na mimea je? Umeimwagilia?"

Mama Chiriku alimtazama mtoto wake aliyelala kwenye kochi, midomo imemkauka.

"Nitaimwagilia," alisema, akakata simu.

Alienda jikoni akajaza jagi mpaka pomoni. Akarudi sebuleni akamimina.

"Kunyweni!" alisema. "Kunyweni, watoto wa baba!"

Kesho yake simu ililia tena. Mume aliuliza habari ya mimea kabla hata hajauliza kama homa imeshuka. Mama Chiriku alijaza jagi tena. Ikawa ndiyo desturi. Simu ikilia, jagi linajaa. Kadiri alivyokasirika ndivyo alivyomimina.

"Mama, maji yanatoka chini," Chiriku alisema siku moja. Homa ilikuwa imemwacha na maneno yalikuwa yamemrudia. "Yanapita kwenye rafu. Yanaingia kwenye ufa wa sakafu. Mama, yanaenda wapi?"

"Yaende yanakotaka."

Majani yakaanza kugeuka manjano. Mama Chiriku alidhani ni kiu, akaongeza maji. Kukaanza kunuka kama dekio lililosahaulika kwenye ndoo. Alifungua dirisha, akaongeza maji.

Baba Chiriku alirudi siku ya Jumamosi, begi begani. Chiriku alimkimbilia, akamkumbatia miguu. Baba alimshika kichwa bila kumtazama. Macho yake yalikuwa dirishani.

"Nini hiki?" aliuliza.

Mmea wa kutambaa ulikuwa umelegea kama uzi. Ile ya majani mapana ilikuwa imeinama mpaka chini. Baba Chiriku aligusa jani moja, likabaki mkononi mwake.

"Umeiua," alisema. "Kitu kimoja tu nilikuomba. Kimoja! Hata maji tu yamekushinda?"

"Yamenishinda? Nimeimwagilia kila siku iliyokwenda kwa Mungu!"

"Usinidanganye. Tazama!"

"Tazama wewe!" Moto ulimpanda Mama Chiriku kichwani. "Mwanao aliumwa, uliuliza majani. Mimi nimeungua mkono kazini, uliuliza majani. Nioneshe mkono wangu upi umeungua. Nioneshe!"

Alificha mikono yote miwili mgongoni. Baba Chiriku aliliweka lile jani kwenye rafu.

"Kule barabarani naona lami na migongo ya malori," alisema kwa sauti ya chini. "Nikirudi nataka kuona kitu kinachokua."

"Mwanao anakua. Umemwona?"

Baba Chiriku aligeukia tena rafu.

"Siku moja utarudi," Mama Chiriku alisema, na sasa hakupiga kelele, "utakuta mimea ipo na sisi hatupo. Nakwambia mapema."

Wakati huohuo mlango uligongwa kwa nguvu. Hata kabla hawajaitikia, akaingia Msusi, mwenye saluni ya nywele chini yao. Alikuwa na kitana kimechomekwa kichwani na beseni mkononi. Naye alikuwa amefura.

"Dari langu linavuja!" alisema. "Mteja amelowa kichwa kabla sijamwosha! Nimevumilia wiki nzima nikidhani ni bomba. Mnafuga samaki humu ndani?"

"Muulize mke wangu," alisema Baba Chiriku.

"Muulize mume wangu," alisema Mama Chiriku.

Msusi aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama rafu. Akaweka beseni chini. Kabla ya kufungua saluni alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la maua, na hakuweza kuona chungu cha maua akapita hivihivi. Aliushika mmea mmoja wa majani mapana shinani, akauvuta. Ulitoka bila ubishi. Mizizi yake ilikuwa myeusi na laini, ikanuka mpaka Chiriku akaziba pua.

"Baba Chiriku, nimekusikia tangu ngazini. Unasema mkeo hakuumwagilia?"

"Si unaona umekufa?"

"Haukufa kwa kiu. Umekufa maji. Mizizi nayo inapumua. Udongo ukijaa maji muda wote, hewa haipiti, mizizi inaoza. Ikioza haiwezi tena kunywa, majani yanakuwa manjano na kunyauka. Mtu akiona yamenyauka anadhani ni kiu, anaongeza maji. Ndiyo anaumaliza."

Mama Chiriku alihisi uso unamwaka. Alijua donge lililozidi maji linakuwaje. Halifai kwa mkate wala kwa uji. Kwa nini hakulifikiria hilo?

"Nilimimina kwa hasira," alisema. Hakuinamisha kichwa. "Kila alipopiga simu, nilimimina."

"Basi ulikuwa na hasira nyingi," alisema Msusi, "maana zimefika mpaka kwangu."

Chiriku alicheka. Wakubwa hawakucheka.

Msusi alimgeukia mume. "Na wewe ulimwelekeza vipi? Kila mmea unataka maji kiasi gani?"

"Nilimwambia asisahau."

"Hayo ni maelekezo? Mtu anatoka tanuruni amechoka, unamwachia bustani nzima na neno moja? Huu mshubiri unahifadhi maji kwenye majani yake. Unaweza kukaa wiki tatu bila tone. Huu wa manyoya ukikauka siku chache tu unalia. Yeye atajuaje? Mimea ni yako. Msafiri ni wewe. Kuiandaa ni kazi yako, kabla hujatia mguu nje."

Baba Chiriku alikaa kwenye mkono wa kochi. "Sasa nifanyeje? Lori halipiti na vyungu."

"Leteni ndoo. Na kitambaa cha pamba. Fulana kuukuu inafaa."

"Fulana ipi?" aliuliza Baba Chiriku.

"Hiyo uliyovaa," alisema mkewe. Alikwisha kushika mkasi.

Ilikuwa fulana aliyoipenda, laini kwa kufuliwa. Alimtazama mkewe, akaona si wakati wa kubishana. Akaivua. Mama Chiriku aliikata vipande virefu vyembamba, kra, kra, na kila mkato ulimpunguzia kitu kifuani.

Msusi alisokota kipande kimoja kama anavyosokota nywele. Akakilowesha chote. Ncha moja akaizamisha mpaka chini kabisa ya ndoo ya maji. Ncha nyingine akaifukia kwenye udongo wa mmea wa manyoya, karibu na mizizi. Ndoo akaiweka juu ya kigoda, iwe juu kidogo kuliko chungu.

"Huu ni utambi, kama wa taa," alisema. "Taa inavuta mafuta. Huu unavuta maji, polepole. Mmea unapata kidogo kidogo, na udongo haujai. Lakini jaribuni siku mbili tatu kabla ya safari. Udongo ukiwa chepechepe, punguzeni unene wa utambi. Ukiwa mkavu, ongezeni. Msijaribu siku ya kuondoka."

"Na hii mingine?" Mama Chiriku aliuliza. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sasa alitaka kujua.

"Kwanza iondoeni dirishani. Jua la mchana linapita kwenye kioo na kukausha udongo upesi. Iwekeni penye mwanga, ila jua lisiipige. Gizani pia msiiweke. Ikusanyeni pamoja, majani yake yanatunza unyevu. Siku ya kuondoka, mwagilieni mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha mwageni yaliyobaki kwenye kisahani. Na chungu kisicho na tundu chini msikitumie. Hicho ni kaburi."

"Na huu mdogo?" aliuliza Chiriku, akigusa chungu kidogo kilichokuwa pembeni mwa rafu.

"Huo unaupenda unyevu. Mwagilieni, chomekeni vijiti viwili, uvisheni mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mfuko usiguse majani, na msiuweke juani, utaupika. Mishubiri iacheni. Msiifanyie lolote."

"Mtu atajuaje kama mmea una kiu?" aliuliza Mama Chiriku.

"Uulize kwa kidole. Kichomeke kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, acha. Kikitoka kikavu, mwagilia. Usiangalie kalenda. Usiangalie simu."

Alisema hilo la mwisho akiwatazama wote wawili. Kisha akachukua beseni lake. "Na dari langu mtalipaka rangi," akasema, akashuka.

Jumapili yote Baba Chiriku alipiga magoti sebuleni. Mimea iliyooza kabisa aliitupa. Ule wa kutambaa ulikuwa na matawi mawili yaliyo bado mabichi. Aliyakata juu ya sehemu iliyooza, akayatia kwenye glasi ya maji yaote mizizi upya. Jioni alishuka na kopo la rangi, akapaka dari la saluni. Mama Chiriku hakumsaidia. Alikaa kwenye kochi na mguu mmoja juu ya mwingine, mtoto wake pembeni. Aliporudi, Baba Chiriku aliketi karibu naye.

"Ni wa kulia," alisema. "Mkono ulioungua. Umekuwa ukishika kijiko kwa kushoto."

Mama Chiriku alimtolea mkono, akamwonesha kidonda kilichokuwa kinapona. Hakusema kuwa amemsamehe. Alikuwa hajamsamehe.

Safari iliyofuata Baba Chiriku alijaribu tambi za fulana siku tatu kabla ya kuondoka. Utambi wa kwanza ulikuwa mnene mno, akaupunguza. Alimwomba mkewe jambo moja tu, aongeze maji kwenye ndoo yakifika nusu. Mkewe aliongeza mara moja. Ilimchukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Miezi michache baadaye dada yake Mama Chiriku alijifungua. Baba Chiriku alichukua likizo, wakaenda wote watatu, wiki mbili nzima. Nyumba ilifungwa. Hakukuwa na mtu wa kushika jagi.

Waliporudi walikuwa wamechoka, mizigo wakaiacha chini ya ngazi. Ndani kulikuwa na joto la nyumba iliyofungwa. Mama Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo. Maji yalikuwa yamepungua zaidi ya nusu. Alichomeka kidole kwenye udongo, kikatoka na unyevu. Chini ya mfuko wa plastiki, mmea mdogo ulikuwa umetoa jani jipya, bado limejikunja. Mmoja tu ulikuwa umekufa. Utambi wake ulikuwa umechomoka ndoani.

"Huu sikuuzamisha vizuri," alisema Baba Chiriku. "Kosa langu."

Chiriku alikuwa akihesabu kila jani kwa sauti. Baba yake alipiga magoti sakafuni, akaung'oa ule uliokufa, udongo ukamwagika.

"Nimeomba kazini wanipe njia fupi," alisema. "Nitalala nyumbani siku nyingi. Mshahara utashuka kidogo. Wamekubali."

Mama Chiriku aligeuka kwa ghafla. Damu ilianza kumchemka. "Kwa ajili ya hivi vyungu?"

"Vyungu? Hivi vimekaa wiki mbili peke yao na havikunitafuta." Alimgeukia mkewe. "Ninyi sijui kama bado mna haja na mimi. Ndiyo nauliza."

Mama Chiriku alimtazama mumewe pale sakafuni, magoti yamejaa udongo. Alitafuta neno kali la kumjibu. Mara hii hakulipata.

"Tunayo," alisema. "Anza na mizigo. Ipandishe."

Baba Chiriku aliinuka, akashuka ngazi mbili mbili, Chiriku nyuma yake akimsimulia habari za mtoto mchanga kana kwamba baba hakwenda nao.