Herufi A na Kidole cha Mwisho

Kila siku saa tisa alasiri, Chapchap alikunja kona ya barabara ya mafundi, mkoba wa shule ukimpigapiga mgongoni, na kuanza kutega sikio. Kabla hajakiona chumba cha kazi cha mama yake, alivisikia vidole vya mama yake. Ta-ta-ta-ta, kimya kidogo, ta-ta-ta-ta tena. Akisikia hivyo alijua mambo ni shwari.

Chapchap hilo halikuwa jina lake la darasani. Alipewa nyumbani, kwa sababu alikula chapchap, akaoga chapchap na kufagia chapchap, uchafu wote ukabaki chini ya kiti. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mama yake alikuwa mpiga chapa. Chumba chake kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya fundi cherehani na duka la vifaa vya shule. Ndani mlikuwa na meza, kompyuta, printa na viti viwili. Watu walimletea barua, mikataba na kumbukumbu za vikao zilizoandikwa kwa mkono, naye akazipiga chapa zikapendeza. Alikuwa amemfundisha binti yake kuandika kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini, na Chapchap alijivunia jambo hilo kuliko alama zake zote za shule.

Alasiri moja alifika konani na kimya kikazidi. Alipoingia, alimkuta mama akikung'uta mkono wa kushoto kama mtu aliyeguswa na maji ya moto.

"Mama, vipi?"

"Kidole hiki cha mwisho kinawaka moto. Na kibodi nayo ina vituko. Nikibonyeza A mara moja, haiandiki. Nikibonyeza kwa nguvu, inaandika ikitaka."

Kabla hajamaliza, Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani alisimama mlangoni na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," Chapchap alisalimu.

"Marahaba, binti. Mama, nisaidie kusoma sentensi hii. Sijui macho yangu ndiyo mabovu au karatasi."

Mama akasoma kwa sauti: "Mwalimu huyu anafa kwa kazi ya kufundisha hesabu." Akafunga mdomo kwa kiganja.

"Mimi niliandika *anafaa*," alisema Mwalimu Mkuu. "Ninamwombea kazi, wewe unamwombea jeneza."

Fundi cherehani alisikia yote kupitia ukuta wa mbao. "Hesabu hazikuanza leo kuua watu!" alipaza sauti, na wote wakacheka, hata mama.

Lakini Mwalimu Mkuu hakucheka muda mrefu. Alitoa bahasha nene. "Hii ni mitihani ya muhula, kurasa arobaini. Naitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Ikitoka safi, mitihani ya mwaka mzima nitakuletea wewe. Ikitoka na herufi zilizoliwa, mama, nitakwenda kwingine. Mtoto akikosa swali kwa sababu ya mashine, mzazi wake nitamwambia nini?"

"Itatoka safi," mama alijibu.

Mwalimu Mkuu alipoondoka, mama aliigeuza kibodi na kuigonga. Chini ya vitufe kulikuwa na mpira mmoja ulioshika vitufe vyote, nao ulikuwa umechoka.

"Kesho utakwenda kwa Fundi Miwani," alisema. "Ana kibodi ambazo kila kitufe kina springi yake. Zinadumu, lakini hazifanani. Kuna ngumu, kuna laini. Mimi siwezi kufunga kazi, kwa hiyo wewe ndiye utakuwa mkono wangu. Chukua ukurasa huu, uandike wote kwenye kila kibodi, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kidole kikichoka, utajua. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Kesho yake Chapchap alikwenda kwa Fundi Miwani, mzee mtengenezaji wa redio na kompyuta, ambaye miwani yake ilikaa juu ya paji la uso kutwa nzima huku akiitafuta mezani. Alimpangia kibodi tatu kando ya kompyuta moja, kisha akarudi kuinamia redio iliyofumuliwa.

Chapchap alitandaza ukurasa wa mama. Alikuwa hajaandika hata neno moja, mara akatokea Kasuku, mwanafunzi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hanyamazi. Kasuku alikuwa na chupa ya soda mkononi.

"Wee! Hii ya mwisho inawaka taa!" alisema.

Kweli ilikuwa inawaka. Rangi zilitembea chini ya vitufe, nyekundu ikiifuata buluu, buluu ikiifuata kijani. Chapchap aliandika jina lake. Kila kitufe kilitoa mlio mkali, tak! Akaliandika tena.

"Hiyo ndiyo yenyewe," Kasuku alisema. "Hizo nyingine ni za makarani waliostaafu. Chukua hii twende uwanjani, mechi inaanza."

Chapchap aliutazama ukurasa wa mama. Ulikuwa mrefu. Akaukunja.

"Umejaribu vizuri?" Fundi Miwani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimejaribu, Fundi."

Na mama alipoifungua nyumbani na kuuliza, "Uliandika ukurasa mzima?" Chapchap alijibu haraka, "Ndiyo, mama. Hii ndiyo laini kuliko zote."

Kumbe ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ilikuwa ya wacheza michezo, yenye springi za kukaza, na upande wa kulia haikuwa na safu ya tarakimu. Mtihani wa hesabu ukawa mateso, maana kila namba mama aliifuata juu. Siku ya kwanza fundi cherehani aligonga ukuta: "Jirani, unapiga chapa au unakaanga bisi?" Mama alicheka. Siku ya pili hakucheka. Jumamosi adhuhuri Chapchap alimkuta amezungusha kitambaa cha maji baridi kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Katika kurasa arobaini, zilikuwa zimekamilika sita tu.

"Mama, pumzika kidogo."

"Nitapumzika tu, mwanangu." Mama alizungumza polepole, akiuangalia mkono wake. "Jumatatu nitamwambia Mwalimu Mkuu atafute mtu mwingine. Kibodi haina kosa. Wewe mwenye mkono mdogo uliandika ukurasa mzima na ukaiona laini. Basi kosa liko kwangu. Nadhani mkono huu umefika mwisho wake."

Chapchap alikuwa akisubiri mama ailaumu kibodi, amlaumu fundi, hata amlaumu yeye. Hakutarajia mama aulaumu mkono wake mwenyewe. Angeweza kukaa kimya, na mama asingejua kamwe. Taa za kibodi ziliendelea kutembea, nyekundu, buluu, kijani.

"Mama, sikuandika."

"Hukuandika nini?"

"Ukurasa. Niliandika jina langu tu. Mara mbili. Zile nyingine sikuzigusa. Nilikimbilia mechi."

Chapchap aliinamisha kichwa akingoja karipio. Lakini mama alikuwa akikunjua vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukilia.

"Kwa hiyo mkono wangu hauna neno?"

"Sijui, mama. Ninachojua ni kwamba sikuupima."

Mama akavuta pumzi ndefu. "Nimekasirika, Chapchap. Nitakuambia nimekasirika kiasi gani nikimaliza kazi. Sasa ichukue, uirudishe mwenyewe. Na haya uliyoniambia mimi, mwambie na fundi."

Chapchap alikwenda, safari hii bila kukimbia. Fundi Miwani alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilishangaa siku ile," alisema. "Ukurasa mzima, mara tatu, na soda ya Kasuku ilikuwa haijafika nusu! Haya, nami nina kosa langu, ningekuangalia. Ukurasa uko wapi?"

"Huu hapa."

"Kaa. Leo huinuki."

"Siinuki, Fundi."

Alianza na kibodi ya kwanza. Ilikuwa nyeusi, haina taa, safu ya tarakimu ipo, na mlio wake ulikuwa wa chini kama mtu anayekuna meza. Springi zake zilikuwa za wastani. Mistari kumi ilipita vizuri. Mstari wa kumi na nane, kidole chake cha mwisho cha kushoto kikaanza kuwaka. Vingine tisa vilikuwa vizima kabisa.

"Kwa nini hiki tu?" alijiuliza. Kidole hicho, kidogo na dhaifu kuliko vyote, kazi yake kubwa ni herufi A. Akachukua penseli, akaanza kuhesabu katika ukurasa wa mama. Kasuku alifika, akachungulia.

"Unafanya nini? Zoezi la darasa la kwanza?"

"Nyamaza, utanipoteza. Themanini na tisa, tisini…"

Alipomaliza aliinua kichwa. "Fundi! Mistari kumi tu, A ni mia moja thelathini na mbili! Hakuna herufi nyingine inayoikaribia."

Fundi Miwani alishusha miwani yake machoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hebu." Akahesabu mstari mmoja, akahesabu wa pili. "Lo! Miaka yote hii nauza kibodi, hakuna aliyewahi kunihesabia. Lakini ni kweli. Sisi hata 'habari za asubuhi' hatuwezi kuandika bila kukisumbua kidole hicho mara nne."

Chapchap alijaribu kibodi ya pili, ile laini kuliko zote. Kidole kilitulia, lakini kwenye skrini kulikuwa na maajabu. Vidole vilivyopumzika tu juu ya vitufe viliandika vyenyewe. *Mama* alikuwa *maama*, na *shule* ilikuwa *sshulle*.

"Kibodi yenye kigugumizi," alisema Kasuku. "Ile inauma kidole, hii inagugumia. Mwambie mama yako akate kidole, mambo yaishe."

Chapchap alizitazama zote mbili. Ya kwanza ilifaa vidole tisa, ikakionea kimoja. Aliweka ukucha chini ya kitufe cha A akakiinua kidogo. Kikacheza.

"Fundi, ikiwa kila kitufe kina springi yake, A haiwezi kupewa springi laini peke yake?"

Fundi Miwani akatabasamu, akavuta kopo lililojaa vijisanduku vidogo vya plastiki, kila kimoja na springi ndani. "Si kila kibodi inakubali. Hii nyeusi inakubali." Alishika koleo ndogo, akang'oa kifuniko cha A, akachomoa kijisanduku chake, akapachika kingine. Kwik. Kazi ilikuwa imekwisha.

"Tayari. Nenda nayo."

"Bado," Chapchap alisema, akageuza ukurasa akaanza tena neno la kwanza.

Aliuandika wote, kisha akauandika tena. Kasuku alichoka kungoja akaenda zake. Chapchap alipoweka nukta ya mwisho alikunja kidole chake na kukikunjua. Hakikuwaka. Na kwenye skrini kila A ilikuwa mahali pake, haikupungua wala kuzidi.

Jumamosi hiyo hiyo jioni mama aliandika ukurasa mmoja akiwa amefumba macho. Alipofumbua, akachukua ukurasa wa pili. Toka siku hiyo alijiwekea sharti: kila kurasa nne anaacha, ananyoosha vidole na mikono, hata kazi imwite vipi. Fundi cherehani alilalamika kwamba kimya kimezidi na anapatwa na usingizi.

Ijumaa, Mwalimu Mkuu alikuja na kalamu nyekundu. Alisoma amesimama, baadaye akakaa, akasoma mpaka ukurasa wa arobaini. Kisha akakifunga kifuniko cha kalamu.

"Sikuona pa kuitumia," alisema, na akaacha mezani bahasha nyingine, nene kuliko ya kwanza.

Mama alimsubiri aondoke, akamvuta Chapchap akaketi mbele yake.

"Nilikuambia nitakueleza hasira yangu. Sikukasirika kwa sababu ya kibodi. Kibodi hubadilishwa, fundi ana kopo zima la springi. Nilikasirika kwa sababu uliniambia umejaribu, nikakuamini wewe, nikaacha kuuamini mkono wangu. Nilitaka kuacha kazi ninayoipenda kwa sababu ya neno lako moja, 'ndiyo'. Mtu akikuuliza umejaribu, anataka kusimama juu ya jibu lako. Likiwa bovu, ataanguka yeye, siyo wewe. Lakini ulisema kweli kabla sijaanguka, kisha ukakaa chini ukatafuta mpaka ukapata. Hilo pia sitalisahau."

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Mama akatoa kurasa tano mpya kwenye printa, bado zina joto, akamwekea mapajani. "Mtihani wa darasa la sita. Usome. Ukiniambia ni safi, naufunga kwenye bahasha bila kuutazama."

Chapchap aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Dakika zilipita. Mama alinyoosha mikono, akanywa maji, akauliza kwa utani, "Chapchap, umelala?"

"Bado, mama," alijibu bila kuinua macho. "Niko ukurasa wa pili."