Mizani Mbili Zilizopungua

Kila asubuhi mimi na Igihozo tulipanga foleni na mabido yetu, madumu ya maji, kwenye bomba la Mabanga, tukachota maji, kisha tukaenda shule pamoja. Tulikaa dawati moja. Darasani yeye wa kwanza, mimi Kaswera wa pili. Tangu darasa la tatu ilikuwa hivyo hivyo, nami nilikuwa nimechoka kuwa wa pili.

Juma lile Mwalimu Barthélemy alitufundisha vina, mizani na kibwagizo. Kila mmoja aliandika shairi, mizani nane kila mshororo, halafu tukabadilishana makaye, madaftari yetu, ili tusahihishane. Ukikata pointi, alisema, uandike na sababu. Mimi nikapewa kaye ya Igihozo.

Barabara natazama,
Pikipiki ikizima,
Mlangoni nasimama:
Mama, nimeweka maji.

Nilihesabu kwa vidole. Nane, nane, nane, nane. Vina safi, na kibwagizo kilirudi mwisho wa kila ubeti. Nikaona wivu. Ndipo nikafika mshororo wa mwisho kabisa: "Mama, nimeweka." Mizani sita tu. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Nikakata pointi nne, nikaandika kwa wino mwekundu: Amesahau neno.

Hakusahau, na nilijua. Mama yake, Mama Mukantwari, alikuwa amekwenda mji wa Kiwanja kununua maharage. Igihozo akamwekea bido zima la maji ya kuoga atakaporudi, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Siku ya tisa uliletwa mwili wa mama yake. Tulipotoka makaburini, watu walihitaji kunawa mikono kabla ya kuingia nyumbani, na bomba lilikuwa limekauka. Basi wakatoa bido lile. Hata mimi nilinawa.

Mwalimu aliposoma masahihisho yangu, aliniita mezani kwake.

"Kaswera, ninyi ni majirani. Alisahau kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo.

"Hapana, Mwalimu. Maji yalikwisha."

Alizirudisha pointi nne, Igihozo akawa wa kwanza tena. Kisha akaniambia nikamwombe msamaha. Nilimwomba. Igihozo alinitazama mikono.

"Na wewe ulinawa," akasema, akachukua kaye yake, akahamia dawati la Kanyere.

Nililia sana. Mwalimu hakunibembeleza.

"Kuhesabu ulihesabu vizuri," alisema. "Lakini sababu uliyoiandika ni uongo, tena umemsingizia mtoto mwenye kilio. Ukijua ukweli wa mtu, uandike kama ulivyo, hata ukikuacha katika nafasi ya pili. Pointi nimeweza kuzirudisha. Rafiki, mwanangu, sina uwezo wa kumrudisha."

Siku hizi naenda bombani peke yangu. Igihozo akiwa mbele yangu kwenye foleni, hageuki.