Jengo la Kijani Lililomnyima Mke Wangu Pumzi

Asifiwe Mungu anayetupa pumzi kila asubuhi bila kutuuliza tumeitumiaje ya jana! Ninaanza kwa kumshukuru, kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni mwangu nitauharibu ukurasa huu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, katekista mstaafu, mkazi wa Homa Bay, kando ya Ziwa Viktoria. Mke wangu tunamwita Min Atieno, yaani mama wa Atieno, binti yetu wa kwanza. Ameuza samaki mjini humu tangu Atieno akiwa mgongoni. Ana pumu. Aliuzia kando ya barabara, juani na vumbini, na sikumbuki akinung'unika.

Basi tukasikia litajengwa soko jipya la ghorofa. Kina mama chini, ofisi juu. Na msanifu wake alikuwa nani? Ouma, mtoto wa dada yangu! Kijana niliyemfundisha Baba Yetu mimi mwenyewe, akiwa hajaota meno yote!

Sisi Wajaluo tunamwita mtoto wa dada okewo. Okewo huingia jikoni kwa wajomba zake akafunua sufuria bila kuomba ruhusa. Haulizwi kitu. Nikasema moyoni, sasa tumefika.

Ouma aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa. Alisema jengo la siku hizi haliwekewi msingi kabla ya kuwekewa malengo: litapataje hewa, maji na mwanga bila kuharibu mazingira wala kuwalemea watakaolitumia. Akagawa karatasi za rangi tubandike mawazo yetu ukutani. Maneno matamu! Nani angeyakataa?

Tulisema maji ya mvua yatoke paani yaingie tangini. Tulisema miarobaini iliyokuwa upande wa magharibi isikatwe, maana jua la alasiri hapa halina huruma. Mwingine akasema matofali yafyatuliwe kwa udongo wa hapa hapa. Kisha Min Atieno akasimama.

"Sisi tunataka upepo wa ziwa," alisema, mkono juu. "Uingie huku, utokee kule. Mkinisahau mimi, mkumbuke samaki. Samaki hawezi kujipepea!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Ouma akaandika UPEPO kwa herufi kubwa. "Hilo ndilo lengo la kwanza, mama," akasema. Nikaombwa nifunge kwa sala. Niliyataja malengo yote mbele za Mungu, na ukumbi mzima ukaitikia, "Amina!" Ouma aliitikia kwa sauti kuliko wote...

Pale mlangoni mzee mwenzangu aliniuliza kwa nini tusidai kuona ramani kabla ya msingi. Nilimkemea! Umdai okewo ramani? Amina yake haitoshi?

Wasomaji wenzangu, Amina yake haikutosha.

Miarobaini ilikatwa kabla hata ya msingi kuchimbwa. Nilimpigia simu Ouma, akasema ilizuia malori, mingine itapandwa. Pale pa tangi pakawa maegesho ya magari. Na matofali? Vioo! Vioo vya buluu toka juu hadi chini, upande ule ule wa magharibi, na hakuna hata kimoja kinachofunguka! Ati wapangaji wa ofisi walitaka jengo ling'ae.

Kioo kisichofunguka huwageuza watu kuwa mikate ndani ya tanuri. Kwa hiyo ofisi zikafungwa mashine za kupoza hewa. Na mashine hizo hutema wapi joto lake? Nyuma, juu ya meza za kina mama wanaosafisha samaki! Ubaridi kwa wakubwa, joto kwa mke wangu! Huo ndio upepo tuliouombea?

Na mlangoni wakabandika kibao chenye picha ya jani: Jengo la Kijani. Pembeni yake wakatundika picha za mkutano wetu, Min Atieno akiwa amesimama, mkono juu... Waliutumia mdomo wake kupata kibali, kisha wakamziba pua!

Kina mama waliondolewa barabarani wakahamishiwa humo kabla ya sherehe ya ufunguzi. Mke wangu alirudi nyumbani akikohoa, akasema atazoea. Alasiri moja stima ikapotea. Chini kukawa giza tupu, kwa kuwa mwanga wa jua nao walikuwa wameusahau. Jenereta ikaunguruma kwa ajili ya juu peke yake, na mashine zikaendelea kupuliza joto. Min Atieno alianguka juu ya beseni lake la omena, wale dagaa wa ziwani. Wenzake walimbeba kwa leso zao za kujifunga mpaka barabarani, kwenye upepo, ndipo akavuta pumzi...

Ouma alikuja hospitalini na juisi. Nilimuuliza upepo uko wapi.

"Nera," alisema, kama okewo anavyomwita mjomba wake, "yale yalikuwa malengo. Malengo ni matumaini. Kinachojengwa ni kile kilicho kwenye mchoro."

"Na mbona uliitikia Amina?"

"Kila mtu huitikia Amina, nera."

Mke wangu alisogeza barakoa ya oksijeni. "Ouma," akasema polepole, "rudi na juisi yako. Kaimwage kwenye lile tangi uliloniahidi."

Siku ya ufunguzi walinialika niombe. Eti mimi! Nilivua kofia, nikasimama mbele ya wageni waliokaa chini ya hema, na kina mama wa soko waliosimama nyuma yao.

"Baba," nikaomba, "tulikuomba upepo ndani ya jengo hili. Je, upo?"

Muuza mboga mmoja akapaza sauti: "Haupo!"

"Tulikuomba maji ya mvua. Yapo?"

"Hayapo!" Sasa walikuwa wengi.

"Na miti?"

"Wameimaliza!"

Mshereheshaji alinijia mbio. "Mzee, malizia tu na Amina," alininong'oneza.

"Jengo hili halina Amina," nikajibu kwenye kipaza sauti, nikaketi. Kina mama wakajitwika mabeseni yao, wakarudi barabarani.

Sikushinda kitu. Jengo bado linang'aa, na chini ni patupu. Min Atieno hauzi tena. Hushinda barazani, uso kuelekea ziwani. Ouma hajakanyaga kwangu. Ninamwombea kila siku, lakini hasira ninayo, Mungu anaiona, na bado sijamwomba aiondoe.

Majuzi walikuja watu kutoka Migori, nao wana jengo la kujenga. Waliniomba nibariki malengo yao. Nikawaambia walete mchoro kwanza. Walipoutandaza mezani, Min Atieno aliinama, akaweka kidole kwenye dirisha.

"Upepo unaingia hapa. Unatokea wapi?"

Msanifu waliyekuja naye akaufuata ukuta wa pili kwa kidole; haukuwa na dirisha.

"Nendeni mkachore pa kutokea," mke wangu akasema. "Halafu mume wangu ataomba."

Ndugu zangu, nawasihi! Mkiulizwa mnataka jengo la namna gani, semeni. Kisha daini kuona kila neno lenu limekuwa dirisha, bomba au mti kwenye mchoro, kabla jembe halijagusa ardhi. Msione haya eti msanifu ni damu yenu. Akiwa damu yenu, daini mara mbili!

Nawe uliyevumilia kunisikiliza, Mungu akujalie nyumba inayopumua, na pumzi ndefu ya kuishi ndani yake.